Nusu Milimita

Datsun 240Z ya mjomba ni ya 1972, mwaka mmoja baada ya Edgar Herrmann kushinda Safari Rally kwa gari la aina hiyo. Injini ina silinda sita, na plagi huwaka kwa mpangilio wa 1-5-3-6-2-4. Namba hizo nilizijua kabla ya jedwali la kuzidisha.

Waya za plagi hazikutusumbua. Unachomoa moja, unaweka mpya, ndipo unagusa ya pili. Ukizichomoa zote pamoja umejitafutia balaa. Zile kuukuu zilikuwa zimepasuka mpira. Gizani uliona cheche zikitambaa juu yake, moto unaopotelea njiani.

Distributa ndiyo iliyotugombanisha. Ya zamani hutumia platini, na mwanya wake ni kama nusu milimita. Mjomba huupima kwa fila geji, kibapa chembamba cha chuma. Siku hizi mkono wake unatetemeka. Kibapa kinakwama, naye analaumu taa.

Nikanunua distributa ya 280ZX kwa posho yangu ya masomo. Haina platini, umeme wa koili unakatwa na kifaa cha kielektroniki, basi. Hakuna mwanya wa kupima.

Injini iliitika mara moja.

“Sasa mimi kazi yangu ni gani, mpwa wangu?”

Sikuwa na jibu. Akanisogeza kando, akalegeza boliti ya distributa, akaanza kuizungusha polepole, kushoto, kulia, kichwa kimeinama, akitafuta taimingi kwa sikio.