PUNGUZA MZIGO WA NGUO

Leo tuongee juu ya kitu ambacho hatukihubiri sana madhabahuni: nguo chafu. Usicheke. Ndani ya lile beseni kuna mambo ya kiroho.

Hapa kwetu Kulamawe maji ni hesabu. Mtungi ni lita 20, na lita 20 ni kilo 20. Nyumbani kwangu tuko sita, na Jumamosi ya kufua ilikuwa inameza mitungi mitano. Hizo ni kilo 100 ambazo mtu au punda amebeba, kabla hata sufuria haijainjikwa. Na sisi tuliopita kile kiangazi kilichoanza mwisho wa 2020, misimu mitano ya mvua ikakosa mfululizo, tunaijua thamani ya maji.

Sasa jiulize: ni nani anayebeba? Mara nyingi ni mama na msichana. Kuna binti wa kanisa letu ambaye hakuwa anakosa kipindi cha vijana Jumamosi. Ghafla tukaacha kumwona. Nilipouliza nikaambiwa yuko nyumbani anafua, nguo za watu wanane. Kaka zake walikuwa wamekaa mbele yangu, mashati meupe pe! Mpendwa, weupe wa mashati yale ulilipiwa na mtu ambaye hakuwa ibadani.

Nikaenda nyumbani, nikakaa na mke wangu na watoto, tukapanga hivi:

✅ Mtoto akitoka shule anavua sare papo hapo, anaitundika ipate hewa. Kola ikichafuka, anafua kola tu.
✅ Anayepika au kuchunga mifugo anajifunga leso au anavaa nguo ya kazi moja.
✅ Sweta, suruali nzito na blanketi zinakung'utwa vumbi na kuanikwa juani, si kufuliwa kila zikivaliwa.
✅ Tunaanza na nguo zisizo chafu sana, maji yaleyale yanamaliza na zile za vumbi. Maji ya kusuuza mwisho yanawekwa, yanaosha choo.
✅ Kila aliyefikisha miaka kumi, awe mvulana au msichana, anafua soksi na nguo zake za ndani. Baba naye!

Lakini sikia vizuri: nguo za ndani, nepi za mtoto na nguo za mgonjwa hazingoji. Hizo zifuliwe kila mara, kwa sabuni, zikauke juani. Kubana maji si kukaribisha ugonjwa.

Sasa tunatumia mitungi mitatu. Mitungi miwili kwa wiki, kwa mwaka ni 104. Hizo ni kilo 2,080, zaidi ya tani mbili, zimeondoka mgongoni mwa mtu!

Soma Kutoka 19. Israeli wako jangwani, na Mungu anamwambia Musa watu wafue nguo zao wawe tayari kwa siku ya tatu. Kwa hiyo usafi si jambo dogo mbele za Mungu. Lakini angalia: kufua kule kulikuwa kwa ajili ya kukutana naye. Ukifua mpaka huna nafasi ya kukutana naye, umegeuza mambo. Kisha fungua Yohana 13. Bwana mwenyewe alijifunga kitambaa, akashika beseni. Kwa hiyo baba, kijana, usiniambie beseni ni kazi ya wanawake.

Na wewe unayekosa ibada kwa sababu nguo haijafuliwa, njoo hivyo hivyo. Kanisa hili halina mlinzi wa kukagua kola. Vumbi la Isiolo tunalijua sote.

Yule binti? Niliongea na wazazi wake, na Mungu awabariki, walisikia. Kaka zake sasa wanafua mashati yao. Jumamosi iliyopita alikuja amechelewa, vidole bado vimenyauka kwa maji. Lakini alikuja.

Wiki hii fanya jambo moja: uliza nyumbani kwako nani anafua, kisha uchukue sehemu yako.

Tuombe: Baba, tufundishe kubebeana mizigo, kuanzia ile iliyo ndani ya nyumba zetu. Wape nguvu mama zetu na mabinti zetu. Tupe mvua kwa wakati wake. Katika jina la Yesu.

Kama umepokea, andika AMINA, kisha ushike beseni. 🙏