Ziwa Kisale: Mahali Shaba Yetu Ilikuwa Inaenda

Ukitoka Lubumbashi na treni kuelekea kaskazini utafika Bukama, kando ya mto Lualaba. Kutoka pale ni mashua. Mto unashuka katika bonde la Upemba, na katikati ya mafunjo marefu unaingia Ziwa Kisale. Si ziwa kubwa kama Tanganyika ao Mweru. Mayi yake haina kina kirefu. Mafunjo inakatika na kuelea kama visiwa, na wavuvi wengine wanajenga nyumba juu yake. Samaki iko nyingi. Wanaikausha kwa moshi, nasi tunaikula na bukari huku kwenye migodi.

Katika bonde lile hakuna shaba. Lakini kule Sanga, ukingoni mwa ziwa, mwaka wa 1957 na 1958 wachunguzi walifukua makaburi ya zamani, mengine yapata miaka elfu moja. Wakakuta bangili na minyororo ya shaba, hata simbi za Bahari ya Hindi. Shaba ilitoka huku kusini kwetu. Vijana wengi wanasema shaba ilianza na Union Minière mwaka wa 1906. Hapana! Wazee walichoma mawe ya kijani kwa makaa, ndani ya tanuru la udongo wa kichuguu, wakamimina shaba katika umbo la msalaba. Watu wakaibeba mwendo wa siku nyingi, na wachunguzi wanafikiri samaki ya kukauka ndiyo iliilipa.

Msalaba ule haukuwa wa Bwana Yesu, Injili ilikuwa haijafika bado. Ilikuwa mali. Katika makaburi ya karne ya 14 hivi, ni msalaba mmoja mkubwa juu ya kifua cha marehemu. Karne zilizofuata ni midogo, mingi, ya kipimo karibu kimoja, imewekwa penye mikono na kiuno. Kitu cha heshima kiligeuka kuwa franga.

Lakini mimi kinachonigusa zaidi si shaba. Katika makaburi ya watoto ya zamani zaidi, vyungu ni vidogo, kwa kadiri ya umri wa mtoto. Mama ao baba fulani aliagiza kipimo kile. Vyungu vya Sanga viko katika Musée ya Lubumbashi. Siku ya konje, pelekeni watoto waone.