Mafuta Mahali Pasipo Pake



Wapendwa, wakati wa masika piano ya parokia ilianza kukwama: nyundo ziligonga nyuzi, lakini hazikurudi upesi. Sikukuu ilikuwa karibu, nasi tukachukua mafuta ya cherehani, tukayatia wenyewe katika kila kiungo. Siku chache ilipigika vizuri. Kisha ikakwama kuliko mwanzo.

Fundi alipoifungua alitikisa kichwa. Kila nyundo, alisema, huzunguka juu ya pini nyembamba iliyovikwa kitambaa cha sufu. Unyevu huvimbisha sufu. Mafuta hunywewa humo, hushika vumbi, hugeuka ulimbo. Dawa ni kuitoa pini, kulipanua tundu kwa kiasi, na kutia pini safi. Penye kusuguana mti na ngozi, unga mkavu kidogo wa grafiti watosha. Kazi ya saa chache tuliigeuza kuwa ya wiki nzima.

Ndipo tulipoukumbuka ugomvi wa wanakwaya wawili. Walipotujia tuliwapaka maneno laini, wakapeana mikono, tukafurahi. Hatukuuliza nani amemkosea nani. Leo hawaimbi pamoja.

Kanisa linayo mafuta yake matakatifu: ya Wagonjwa, ya Wakatekumeni na ya Krisma. Lakini katika Kitubio halimpaki mtu mafuta. Kwanza husikiliza kosa likitajwa kwa jina lake.

Wiki hii tutawaendea wale wawili, mmoja mmoja, kusikiliza. Tuombeeni. Dominika njema.