Ndege wa Sange na watoto wetu



Ukitoka Uvira kwenda Sange unapita Kavimvira, Kiliba na Runingu, milima ikiwa mkono wa kushoto, bonde la Ruzizi mkono wa kuume. Jumatano iliyopita, baada ya masomo, sisi walimu wanne tulisimama chini ya mchikichi mmoja wa Sange. Majani yake yalikuwa yamechanwa karibu yote, na viota vilining'inia kwa makumi, kelele kama za soko.

Wenye kazi hiyo ni ndege wadogo wa manjano, kichwa cheusi. Vitabu vinawaita kwera. Dume anachana jani kuwa nyuzi, anafuma kwa mdomo, na mlango anauweka upande wa chini. Kisha ananing'inia hapo akipiga mabawa kumwita jike. Jike anaingia na kukagua. Asipopenda, dume anakifumua kiota na kuanza upya. Akipenda, jike anatandika manyasi laini ndani, anataga. Tulicheka: laiti na sisi tungekagua nyumba kwanza!

Kicheko kilikatika tulipogeukia shamba la mpunga. Mwanafunzi wetu wa mwaka wa nne alikuwa anapiga debe kufukuza ndege haohao. Darasani hatukumwona wiki nzima. Mama yake alituambia: «Mwalimu, ndege hawangoji kengele. Mpunga huu ndio madaftari yake na viatu vyake.»

Hatukumlaumu. Mpunga ukiwa bado na maziwa, kundi la ndege linaweza kumaliza jasho la miezi. Tulikaa naye, wakaja na majirani zake. Kukata mchikichi hakusaidii: ndege watahamia mti mwingine, nasi tutakosa mawese. Tena wadudu wa shambani ndio chakula wanacholishia makinda yao.

Tukapatana hivi. Wenye mashamba yanayopakana watalinda kwa zamu, watu wazima, mmoja kwa siku. Msimu ujao watapanda pamoja, mpunga uive wakati mmoja, hasara isimwangukie mtu mmoja. Watoto watasaidia jioni tu, baada ya shule.

Jumatatu yule binti alirudi darasani. Wamama wa Luberizi na Kiliba, kwenu ni nani anayelinda mpunga saa mbili asubuhi?