Jiwe la kumeremeta? Hapana, bwana!

Wenzangu hapa Tarime wanafuga kuku, mimi nafuga furu kwenye tangi la kioo. Usicheke. Sangara alipandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na kufikia mwisho wa miaka ya 1980 mamia ya aina za furu zilikuwa hazionekani tena. Wa kwenye miamba walinusurika zaidi. Jiwe kwao si pambo, ni uhai.

Sasa jike wangu ana mayai mdomoni na dume hampi nafasi. Anataka pango, tena la milango miwili. Mlango mmoja ni mtego.

Mshikaji akaniletea mawe ya Nyamongo yanameremeta hayo! Nikamwambia arudi nayo. Mng'ao ule mara nyingi si dhahabu, ni chuma na salfa, na majini hutoa asidi. Mimi naokota granaiti ya vilimani, nasugua bila sabuni, natonesha siki. Likitoa povu, nje!

Jiwe kubwa nalilaza kwanza, mchanga baadaye. Furu wanachimba bwana. Likiporomoka, kwaheri kioo.

Leo siku ya nne jike hali, kidevu kimemvimba, katulia ndani. Dume anazunguka nje kama mdai. Zimebaki kama wiki mbili awateme watoto.