Mazoezi au Mechi?

Ndugu msomaji, kijana wa kijijini akirudi shambani alasiri hubakiwa na muda gani ulio wake mwenyewe? Hapa kwetu Tabora giza huingia karibu na saa 1 jioni. Kabla ya hapo mbuzi warudishwe zizini, kuni zichanjwe, maji yaletwe. Akipata saa nzima ya kucheza mpira, ameshapata bahati, tena si kila siku.

Sasa saa hiyo moja aifanyeje? Vijana wengi ninaowaona hapa upande wa Kwihara wana jibu moja: mechi. Wakikutana kumi wanajigawa watano watano, wanaweka mawe mawili kuwa goli, na wanakimbizana mpaka mpira hauonekani. Kesho vilevile, na keshokutwa vilevile. Mwaka ukiisha, aliyekuwa hajui kupiga mpira kwa mguu wa kushoto bado hajui, na golikipa aliyeogopa mipira ya juu bado anaiogopa. Wamecheza sana, lakini wamejifunza kidogo.

Mimi ni mkulima wa tumbaku na mahindi, na Jumapili alasiri huchezea timu ya wazee wa kijiji, nafasi ya mlinzi. Muda wangu ni mchache kuliko wa vijana. Kwa hiyo nimelifikiri sana jambo hili, na shauri langu ni hili: mwenye muda mchache achukue dakika chache za mazoezi karibu kila siku, kwa jambo lile moja linalomshinda, na mechi aiweke mara moja kwa juma. Asiache lolote kati ya hayo mawili, ila asidhani kuwa ni kitu kimoja.

Tufanye hesabu kidogo. Mechi kamili ni dakika 90, na wachezaji uwanjani ni 22. Kama mpira ungegawiwa kwa haki, kila mmoja angekaa nao dakika 4 hivi. Ondoa muda ambao mpira uko nje, au uko hewani, au mwamuzi amepiga filimbi, zinabaki ngapi? Nilimwomba kijana mmoja anihesabie Jumapili moja. Katika mechi nzima mguu wangu wa kushoto uliugusa mpira mara 9. Basi, mtu atajifunzaje kazi ya mguu kwa mara 9 kwa juma?

Ndiyo maana mimi hutumia mwembe ulio nyuma ya nyumba. Nikitoka shambani, kabla ya kuoga, nasimama hatua kumi kutoka kwenye shina, nami naupiga mpira kwa mguu wa kushoto peke yake, mara mia moja. Ni dakika 20 tu. Shina la mwembe ni la mviringo. Ukiupiga katikati, mpira hukurudia; ukikosea kidogo, huenda kwa jirani, nawe utaufuata mwenyewe. Hakuna mwamuzi mkali kuliko huyo. Siku za kwanza mke wangu aliniuliza, “Baba watoto, na huo mwembe umekukosea nini?” Siku hizi hauulizii tena, na mguu uliokuwa mzito kama mchi umeanza kutii.

Shida hii si ya mpira wa miguu tu. Wachezaji wa gofu, mchezo unaochezwa kule Dar es Salaam, Arusha na Moshi, wanaijua vizuri. Kumaliza mashimo 18 huchukua muda wa saa 4 hivi, na sehemu kubwa ya muda huo ni kutembea kuufuata mpira. Uwanja wa kawaida huhesabiwa mapigo 72, na katika hayo 36, yaani nusu nzima, ni yale madogo ya kuusukuma mpira uingie shimoni. Lakini ukimpa mtu nusu saa ya mazoezi, mara nyingi atapenda kupiga mipira ya mbali, kwa sababu hiyo ndiyo yenye sifa. Yale madogo, ambayo angeweza kuyafanyia mazoezi hata sebuleni kwake, anayaacha.

Alikuwako Mhispania mmoja, Severiano Ballesteros, wa kijiji cha Pedreña. Utotoni alikuwa akibeba mifuko ya fimbo za wachezaji, na uwanja haukuwa wake kuuchezea apendavyo. Alikuwa na fimbo moja tu ya chuma, namba 3, wakati mchezaji kamili huruhusiwa fimbo 14. Akaenda nayo ufukweni, akajifunza kuipigia mipira ya namna zote juu ya mchanga: ya juu na ya chini, ya mbali na ya karibu. Mbeba mifuko huyo akashinda mashindano makuu ya Uingereza mara 3, mwaka 1979, 1984 na 1988. Uwanja haukumfundisha peke yake, mchanga ulimtayarisha.

Lakini kwa nini twende mbali, na sisi wenyewe ni wajukuu wa wabeba mizigo? Njia ya zamani ya misafara, kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji, ilipita hapa hapa Unyanyembe, na wengi waliobeba mizigo yake walikuwa Wanyamwezi. Najua kwamba njia hiyo ina machozi mengi, maana wako waliopitishwa humo wakiwa watumwa minyororoni. Ninaowasema hapa ni wapagazi wa ujira, waliojipatia sifa kwa kazi yao. Kutoka Tabora hadi pwani ni zaidi ya kilomita 800, na mzigo wa mtu mmoja uliweza kufika frasila 2, yaani kilo 30 na zaidi.

Mtu alijifunzaje kazi hiyo? Richard Burton, Mwingereza aliyefika hapa mwaka 1857, siku zile mji ukiitwa Kazeh, aliandika kwamba watoto wa Kinyamwezi wenye umri wa miaka 6 au 7 walikuwa wakibeba pembe ndogo za ndovu mabegani. Angalia busara ya wazee wetu. Hawakumpeleka mtoto pwani ajifunze huko njiani, wala hawakumwacha mikono mitupu mpaka awe mtu mzima. Walimpa pembe ndogo, aizoee bega. Hayo ndiyo mazoezi. Lakini pembe ndogo peke yake haikumfanya mtu mpagazi. Ilibidi siku moja aondoke, aone nyika isiyo na maji, ajue kutembea sawasawa na wenzake na kulala njiani. Hiyo ndiyo mechi.

Tena walijua majira. Misafara mingi ya Wanyamwezi ilitoka wakati wa kiangazi, mavuno yakiisha, nao wapagazi walitaka kurudi kabla ya mvua ili wawahi kulima. Safari ilikuwa na wakati wake, na jembe lilikuwa na wakati wake.

Hapo ndipo penye kiini cha neno langu kwenu wazazi na vijana. Katika nyumba nyingi mpira umekuwa ugomvi. Baba anasema, “Mpira hautaleta unga.” Kijana anatoroka palizi saa 9, anarudi usiku, na kesho yake hawasemeshani. Wako waliofikia hata kuuchana mpira kwa panga. Mimi naona wote wawili hawajakaa chini wakahesabu saa. Kijana anayedai saa 2 za mechi kila siku mwezi wa Januari, tumbaku ikiwa shambani, anadai kisichokuwapo. Na baba anayemnyima hata dakika 20 hajapata nguvu kazi zaidi. Amepata mtoto anayefanya kazi kwa kinyongo, naye atahama mapema kuliko ilivyompasa.

Nyumbani kwetu tulipatana hivi. Mvua zikianza, mwezi wa Novemba hivi, mpaka Aprili, hakuna mechi siku za kazi. Kuna dakika 20 za mwembe kwa kila anayetaka, kazi ikiisha, na Jumapili alasiri kuna mechi. Kiangazi kikija, mechi zinaongezwa kuwa mbili, maana majani yameshakauka na jembe limepumzika kidogo. Aliyepewa muda anautumia bila kufuatwafuatwa, na aliyeacha kazi anaukosa muda wa siku ile. Hakuna kelele tena, kwa sababu kila mtu anajua saa yake.

Nasema “kila anayetaka,” na sina maana ya wavulana peke yao. Nina mapacha, mvulana na msichana, wa miaka 13. Msichana anacheza netiboli, naye anataka sana kuchaguliwa katika timu ya shule. Tazama vijijini, msomaji. Mvulana akimaliza shamba, yuko huru. Msichana akimaliza shamba, kuna kisima, kuna jiko, kuna mtoto mdogo wa kubembelezwa. Halafu watu husema wasichana hawapendi michezo! Watapenda kwa saa ipi? Kwetu ndoo za maji zinakwenda kwa zamu, leo huyu, kesho yule, na yule ambaye si zamu yake ndiye mwenye dakika 20. Mvulana alinung'unika mwanzoni kwamba wenzake watamcheka akionekana na ndoo. Nilimwambia kwamba babu zake walibeba frasila 2 mpaka pwani bila kuona haya. Ndoo moja haitamwua. Sasa dada yake ametundika pete ya waya kwenye tawi la mwembe, na kila siku anapolala hajafikisha magoli 30, anaona deni.

Mtaniuliza, je, atachaguliwa? Sijui, wala si mimi nitakayechagua. Ninalojua ni kwamba safari hii atakwenda kwenye mchujo akiwa amepewa muda sawa na ndugu yake.

Basi, wewe kijana, kabla hujakimbilia uwanjani leo, jiulize ni jambo gani moja linalokushinda. Lipe dakika 20 peke yako, ukutani, mtini au mchangani, kisha Jumapili ulipeleke kwa wenzako ukalijaribu. Nawe mzazi, usimpe mtoto muda kana kwamba unamtupia mfupa. Kaeni mkahesabu saa za nyumba nzima, za mvulana na za msichana, za kiangazi na za masika. Ni chache kweli, lakini zikigawiwa vema huwatosha wote.