Skripti Iliyofundishwa na Umeme wa Songea

Kabla ya Gridi ya Taifa kufika kutoka Makambako mwaka 2018, Songea ilikuwa inaendeshwa na mitambo ya dizeli. Sisi tuliokuwa tunashinda kwenye kibanda cha kompyuta pale Mfaranyaki tulicheza Counter-Strike 1.6, na umeme ukikatika tulipiga kelele, tukacheka, tukatoka nje kusubiri. Ukirudi, anayekaa kwenye kompyuta ya kona anabofya mara mbili, seva imewaka, mechi inaanza upya. Mchezo ule haukuwa na cha kukumbuka.

Minecraft ndiyo iliyotuharibia starehe hiyo. Dunia yake inaendelea kuwepo hata wachezaji wakilala, kwa hiyo seva ina mali ya watu ndani yake. Mwanzoni niliiwasha kwa faili lenye mstari mmoja: iite Java, ipe RAM gigabaiti 2, fungua server.jar. Kwa dunia moja, mstari huo unatosha kabisa.

Kilichonipeleka kwenye kontena za Docker ni Java yenyewe. Mwaka 2021 toleo la 1.17 lilidai Java 16, na la 1.18, mwishoni mwa mwaka huohuo, likadai Java 17. Vijana waliocheza kwenye seva yangu nao walikuwa na dunia ya zamani ya 1.12 yenye nyongeza zake, ambayo haikutaka kusikia kitu kingine zaidi ya Java 8. Kwa Docker kila dunia ilipata chumba chake na Java yake, kwenye mashine ileile, na mstari wangu mmoja ukageuka skripti: angalia kama eula.txt, faili la kukubali masharti ya Minecraft, ipo na imekubaliwa, angalia kama folda ya dunia imeunganishwa kutoka nje ya kontena, ndipo uiwashe Java. RAM ya Java iwe chini ya ile iliyoruhusiwa kontena, la sivyo mfumo unaiua na kukuachia namba ya kosa 137.

Hayo yote ni ya kuwasha, na kuwasha hakujawahi kunisumbua.

Taabu ni kuzima. Umeme ukikatika, UPS, betri yetu ya akiba, inatupa dakika chache, kisha inaiamuru mashine ijizime. Docker nayo inapeleka ishara kwa mchakato namba 1 ndani ya kontena: funga. Skripti ikiiita Java kwa namna ya kawaida, namba 1 ni bash, programu inayoisoma skripti, na bash haiipelekei Java ishara hiyo. Java inaendelea na kazi zake bila habari. Zikipita sekunde 10 Docker inachoka kusubiri na kuikata kwa nguvu. Minecraft hujihifadhi yenyewe kila baada ya dakika 5, hivyo kinachopotea mara nyingi ni kipande cha mwisho tu, ila mtoto aliyekuwa akijenga Uwanja wa Majimaji tofali kwa tofali hataki hesabu hiyo.

"Kaka, paa la jukwaa kuu liko wapi?" aliniuliza, huku kidole kikiwa kwenye kioo.

Dawa yake ni neno moja, exec, kabla ya java kwenye mstari wa mwisho. Bash inampisha Java kiti, Java inakuwa namba 1, ishara inamfikia moja kwa moja, naye anahifadhi dunia kabla ya kuondoka. Muda wa kusubiri nao niliuongeza hadi sekunde 60, kwa sababu dunia kubwa kwenye diski ya zamani haiandikwi upesi. Kwa maoni yangu, mafunzo mengi ya kuandika skripti hizi yanaanzia upande usiofaa: kurasa nzima za kuwasha, kuzima sentensi moja.

Gridi imefika, lakini umeme bado unakatika. Ukiandika skripti yako, usiwaite wachezaji kwanza. Zima kontena, soma kumbukumbu zake, na usipoona mistari ya kuhifadhi dunia, rudi kwenye mstari wa mwisho.